Swali Lisilotikisa Waya

Ijumaa moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 1987, tulimzika Fundi Galgalo hapa Isiolo baada ya sala ya mchana, nami nikawa nimempoteza mtu pekee aliyekuwa tayari kubishana nami kutwa nzima bila kukasirika. Wengine pale walipoteza baba, mume, ndugu. Mimi sikuwa na jina la kile nilichopoteza. Nilisimama nyuma ya watu, Mturkana Mkristo mwenye kofia mkononi, na swali moja likanipanda kooni: Fundi yuko wapi sasa?

Papo hapo nikamsikia akinijibu kichwani mwangu, kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Ekai, kama jibu ni hili, waya utatikisika vipi? Na kama jibu ni lile, waya utatikisika vipi?"

Nikalimeza swali langu. Nilikwenda nalo nyumbani, likakaa tumboni miezi mingi. Sikuweza kuliuliza kwa mtu, wala sikuweza kulitupa.

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya kuchimba visima mmeniomba niwaeleze tulivyofanya zamani. Nitaeleza. Lakini siwezi kueleza kazi nikaacha ubishi, kwa sababu katika kundi letu vilikwenda pamoja kama lori na tela lake. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, na maneno makubwa niliyo nayo niliyaokota jikoni kwa mpishi. Mkikuta nimeyatumia vibaya, mlaumuni yeye.

Mmezoea mitambo ya upepo wa kompresa, ile inayozunguka na kupuliza mpaka vumbi la jiwe linaruka nje lenyewe. Wetu ulikuwa wa kugonga. Fikirini patasi ya chuma, ndefu kuliko mtu na nzito kuliko ng'ombe, imening'inia kwenye waya mnene. Injini inauvuta waya, inauachia, patasi inaanguka shimoni na kuvunja jiwe kidogo. Juu, chini, juu, chini, kutwa nzima. Jiwe likishakuwa uji tunaitoa patasi, tunateremsha ndoo ndefu yenye mlango chini, tunachota tope, halafu tunarudisha patasi. Kwenye jiwe jeusi la njia ya Merti, siku nzima ya kazi ingeweza kukupa shimo la kuzikia mbuzi, tena mbuzi mdogo.

Sasa shikeni jambo hili. Chini ya shimo hakuna aliyewahi kufika. Shimo ni jembamba, kichwa hakipiti, na ukimulika kwa kioo na jua unaona kipande cha ukuta tu, kisha giza. Tulichokuwa nacho ni waya. Fundi aliweka kiganja juu ya waya unapofanya kazi, jinsi mnavyoweka mkono ubavuni mwa ng'ombe mwenye mimba ili kujua kama ndama anacheza. Kwa mkono huo alijua kama patasi inagonga jiwe au udongo, kama imefika chini au inaning'inia, kama shimo limenyooka au linaanza kupinda. Ukikosea hapo, shimo linapinda, bomba halishuki, na kazi ya miezi mnaifukia kwa koleo.

Galgalo alikuwa Mborana wa Isiolo mjini, mtu wa msikiti, na alikuwa ameshika waya tangu kabla ya uhuru. Shule yake ilikuwa madrasa. Nilipoletwa kwake mwaka 1973, kijana mwenye misuli na hamu ya kusema, nilimwuliza siku ya kwanza, "Fundi, unafikiri maji yapo hapa chini?"

"Kama yapo, ndoo itapanda nzito. Kama hayapo, itapanda na tope kavu. Hilo ni swali zuri. Kamata spana."

Nikatiwa moyo. Jioni ile nikamwuliza kama nyota zina mwisho.

"Kama zina mwisho, waya utatikisika vipi?"

"Sijui, Fundi."

"Kama hazina?"

"Sijui."

"Basi hujauliza kitu. Umepumua tu, lakini kwa sauti."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na aliitumia kwa kila mtu, kuanzia dereva wa lori hadi chifu. Swali ambalo ndiyo na siyo vinatikisa waya sawasawa, kwake halikuwa swali gumu wala la kina. Halikuwa swali kabisa. Lilikuwa upepo.

Aliyeshindwa kuvumilia sheria hiyo alikuwa mpishi wetu, Mutwiri, Mmeru aliyekaa seminari miaka kadhaa akatoka kabla ya kufika mwisho. Tulimwita Fada. Sababu ya kutoka alitupa tofauti kila mwaka, na zote zilikuwa nzuri. Fada aliamini kwamba yale yasiyoonekana ndiyo yanayoshikilia yanayoonekana, na alikuwa tayari kuuachia ugali uungue ili alithibitishe hilo. Tulikula ugali ulioungua kwa ajili ya mambo yasiyoonekana mara nyingi sana.

Kuna siku, kule Kinna, walibishana mpaka wanakijiji wakaleta vigoda. Chanzo kilikuwa kigingi. Mpimaji ndiye huamua pa kuchimba. Anapigilia kigingi cha mbao chenye rangi nyekundu, anaondoka, nasi tunakuja nyuma yake na mtambo. Tulikikuta kigingi kimesimama vizuri, tukachimba, tukapata maji matamu. Siku ya kufunga mizigo mzee mmoja wa pale akatueleza kwa upole kwamba ngamia wake alikuwa amejikuna kwenye kile kigingi kikang'oka, naye akakirudishia palipokuwa na udongo laini, ili asiumie mkono.

Fada alifurahi kama mtu aliyeletewa nyama. "Kwa hiyo mahali sahihi bado papo, hapajaguswa."

"Mahali sahihi ni penye maji," akasema Galgalo, akiendelea kukunja turubai.

"Penye maji ni penye bahati. Mimi nauliza pale pa mpimaji. Chini yake kuna maji?"

"Tukichimba tutajua. Kwa hiyo hilo ni swali. Nimekubali, hongera."

"Lakini hatutachimba. Mtambo unaondoka kesho, na pale hapatachimbwa na mtu yeyote mpaka dunia iishe."

"Tunaweza kuchimba."

"Hatutachimba, Fundi."

"Lakini tunaweza."

"Hiyo 'tunaweza' yako iko wapi? Nionyeshe. Umeipakia kwenye lori?"

Watu wakacheka. Galgalo akakaa juu ya turubai, akafuta jasho. Mwishowe akasema, "Fada, chai ipo?"

"Inaweza kuwapo," akasema Fada, na hakwenda jikoni mpaka Galgalo naye akacheka.

Msifikiri Fada alishinda kila mara. Nawaambia sasa jambo la kazi, na mlishike hata kama mtambo wenu ni wa kisasa: usikaribie mdomo wa kisima ukiwa na kitu kisichofungwa. Toa vitu mfukoni. Spana ifunge kamba kwenye kifundo cha mkono. Kitu kikianguka mle hakirudi kwa kuitwa. Sisi mafundi tulijua. Fada naye alijua, lakini Fada alikuwa mtu wa kuzungumza kwa mikono, na siku moja alikuja mbio kutoka jikoni na jibu alilolipata wakati anakoroga sukuma wiki. Sikumbuki jibu lilikuwa nini. Nakumbuka mwiko wa alumini ukimtoka mkononi, ukigonga ukingo wa bomba, ukaingia. Tukausikia ukishuka, ting, ting, halafu kimya.

Ungekuwa wa chuma kigumu tungesimamisha kazi na kuanza kuvua kwa ndoano, na huko kuvua kumewahi kula mwezi wa watu. Kwa kuwa ni alumini, Galgalo aliagiza patasi iendelee. Tulipochota tope, lilikuwa linametameta vipande vidogo vidogo.

Galgalo akachukua kopo la lile tope, akampelekea Fada jikoni kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Mwiko wako huu. Pika."

Fada akalitazama kopo. "Huu si mwiko. Ni alumini."

"Kwa hiyo mwiko umekwenda wapi? Alumini yote tumekuletea. Kuna kitu kingine kilichobaki chini kinachoitwa mwiko?"

"Umbo lake limekwenda."

"Limekwenda wapi?"

Fada alikoroga chakula kwa kijiti cha mswaki kwa juma zima lililofuata. Lakini alijilipiza. Tukiwa tunakula, akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Fundi, ile sheria yako, kwamba swali lisilotikisa waya si swali. Yenyewe, hiyo sheria, inatikisa waya gani?"

Galgalo akatafuna. Alitafuna tonge lile moja muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Asubuhi, akiwa anafunga nati ya gurudumu la mtambo, akaniita nimpelekee Fada ujumbe, naye Fada yuko hatua chache tu anachochea moto.

"Mwambie Fada: sheria yangu si habari ya kuaminiwa. Ni spana. Spana haiulizwi kama ni ya kweli. Inaulizwa kama inafungua."

"Mwambie Fundi," akasema Fada bila kugeuka, "ni spana nzuri sana. Inafungua nati zote isipokuwa zile ninazotaka mimi zifunguliwe."

Mimi nikawa nimesimama katikati na mdomo wazi, sina cha kupeleka kokote. Nilijifunza kazi yangu hivyo, katikati ya hao wawili. Mkipata bahati ya kuwa katikati ya watu wa namna hiyo, msikimbilie kuchagua upande.

Mara moja tu ubishi ulifika mahali ambapo sote tuliogopa. Fada alikuwa amechoka, siku ilikuwa ya joto, naye akasema, "Na Mwenyezi Mungu unayemswalia mara tano kwa siku, yeye anatikisa waya?"

Nilidhani patapigwa mtu. Galgalo alikuwa anatawadha, maji yenyewe machache kwenye kopo. Akamaliza mguu, taratibu.

"Mimi simwulizi swali," akasema. "Nainama." Akaenda zake kuswali. Fada akainamisha kichwa, na siku hiyo alipika bila kuunguza kitu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo linanifanya niandike.

Mwaka 1984 mnaukumbuka kwa kusimuliwa tu. Mvua haikunyesha, mto Ewaso ukakauka sehemu nyingi ukabaki mchanga, na mifugo ilikufa njiani watu wakapita juu ya mifupa. Tulitumwa kuchimba mahali kupita Gotu, njia ya kwenda Merti. Palikuwa na manyatta machache ya wafugaji, na mama mmoja aliyeitwa Dabo, mjane mwenye ulimi mkali, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. Kila asubuhi alikuja, akasimama kando ya mtambo akitutazama, kisha akamsalimia Galgalo kwa Kiborana na kumwuliza swali moja tu: leo?

"Bado," Galgalo humjibu.

"Mnachimba au mnasalimiana na jiwe?" husema Dabo, na kwenda zake. Alikuwa na wazee wasioweza kutembea. Wengine wangeweza kuhama. Yeye alikuwa amebaki kwa sababu ya kelele za injini yetu.

Ofisi ilikuwa imetupa mpaka mwisho wa mwezi. Bila maji, mtambo uhamishwe.

Asubuhi moja Galgalo yuko kwenye waya, mkono wa kulia umewekwa kama kawaida. Akaniambia, "Waya umelala, hautikisiki. Patasi haifiki chini. Ongeza waya."

Nilikuwa nyuma yake. Niliushika ule waya niweze kuuongeza, nao ukanipiga kiganjani. Patasi ilikuwa inafika, tena inagonga kweli.

"Fundi, inagonga."

"Haigongi. Ongeza."

"Nikiongeza itapiga ubavuni na shimo litapinda. Inagonga, Fundi. Hebu shika kwa mkono wa kushoto."

Alinitazama kama nimemtukana mama yake. Kisha akaweka mkono wa kushoto. Akatulia. Akauondoa, akaweka wa kulia. Akauondoa tena, akarudisha wa kushoto. Injini inanguruma, patasi inapanda na kushuka, na Fundi Galgalo anabadilisha mikono kama mtoto anayejifunza kupiga ngoma. Kiganja kile kilikuwa kimetikiswa miaka mingi mno. Kilikuwa kimekufa. Hakikuuma, wala hakikuvimba. Kilikuwa kimeacha tu kupokea habari, na hakikumwambia mwenyewe.

"Huu unasema ipo," akasema akinionyesha wa kushoto. Akainua wa kulia. "Huu unasema haipo."

Fada alikuwa amesimama pale na sufuria ya chai. Nilingoja amrarue. Akammiminia Fundi chai.

"Fada, mbona hunicheki?"

"Nangoja upoe kwanza."

Galgalo akakaa chini ya kivuli cha lori, kwenye jiwe. Tuliizima injini. Kwa fundi wa waya, mkono huo ndio mshahara, ndio jina, ndio sababu ya kuamkiwa. Wa kushoto nao, alipoukagua vizuri, ulikuwa unasikia nusu. Nilifikiri atatuma ujumbe ofisini siku hiyo hiyo na mtambo utaondoka. Nadhani naye alifikiri hivyo. Kisha tukamwona Dabo anakuja kwa mbali, amesikia kelele zimekoma.

Galgalo akainuka. "Ekai. Weka mkono wako kwenye waya. Mimi nitauliza, wewe useme."

Nikauweka. Injini ikawashwa.

"Sema."

"Inagonga vizuri."

"Vizuri ni neno la Fada. Sema kinachofika mkononi."

Hapo ndipo nilipojifunza kazi, baada ya miaka kumi na moja ya kudhani naijua. Nilikuwa nimeshika waya mara nyingi, lakini sikuwa nimewahi kulazimika kumwambia mtu. Nilimwambia ni kama kubisha mlango wa mabati. Akasema hilo ni jiwe jeusi, endelea. Baadaye nikamwambia sasa ni kama mtwangio kwenye kinu chenye mahindi machache. Akasema jiwe limepasuka, punguza mwendo. Siku nyingine nikasema ni kama kukanyaga mchanga wenye unyevu, na mguu unachelewa kutoka. Alinifanya nilirudie hilo. Nilipolirudia akaagiza tuchote.

Hakugusa waya tena. Alisimama pembeni, macho yamefungwa, akichimba kisima kwa maneno yangu. Vijana, mkitaka kujua kama mnajua kitu, mwelezeni mtu asiyeweza kukigusa.

Fada alivumilia siku tatu, kisha akashindwa. "Fundi, sasa umekuwa mtu wa kwetu. Unaamini kwa kuambiwa."

"Mimi siamini. Nauliza."

"Unamwuliza mtu kuhusu kitu ambacho kwako hakipo."

"Kipo mkononi mwa Ekai."

"Na ile asubuhi, kabla Ekai hajashika? Mkono wako ulisema haipo, na Ekai alikuwa nyuma anajikuna. Ulikuwapo mtikisiko au haukuwapo?"

Galgalo akafikiri. "Kama Ekai hangeshika, ningeongeza waya. Shimo lingepinda."

"Kwa hiyo ulikuwapo."

"Shimo lingepinda. Hilo nalikubali. Usinisukume mbele ya hapo."

"Sikusukumi. Nasema tu, basi kuna vitu vinavyoweza kupinda shimo la mtu, na mwenyewe hasikii kitu." Fada alisema hivyo kwa upole, hata hakusimamisha kisu chake kwenye vitunguu. "Na kama ni mkono mmoja, inaweza kuwa miwili. Na kama ni ya mtu mmoja, inaweza kuwa ya watu wote."

Nilimtazama Galgalo. Nilingoja ile spana yake. Alichukua kopo lake la chai kwa mkono wa kushoto, akanywa, akaweka chini.

"Hilo nitalifikiria," akasema.

Katika miaka yote niliyokaa naye hilo ndilo neno pekee la namna hiyo nililolisikia kwake, na sijui alilifikiria akafika wapi. Singependa kuwadanganya. Sikumwuliza, naye hakusema.

Ndoo ilipanda nzito kabla mwezi haujaisha. Dabo alisema "bisaan," maji, kwa sauti ya chini kana kwamba yangekimbia, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Yana chumvi. Mmechimba bahari." Kisha akayanywa, akawaita wengine. Mifugo iliyabugia, watu waliyazoea. Yule bwana wa ofisi alipokuja kukagua, akauliza nani alikuwa kwenye waya. Galgalo akasema Ekai. Mimi nikasema Fundi. Bwana akamgeukia mpishi, na Fada, akiwa anakata kabichi, akamwambia kwamba hilo alilouliza halikuwa swali. Ndipo Galgalo akanyoosha mkono wa kulia mbele ya bwana mkubwa, akauchoma kwa mwiba wa mgunga bila kupepesa macho, akasema, "Huu umestaafu. Mwandike huyu kijana." Nilikuwa na watoto wanne, lakini kwake nilikuwa kijana.

Alikaa nyumbani kwake mtaa wa Bula Pesa, Isiolo. Mwaka uliofuata ukaja mtambo wa upepo. Hauna waya, fundi anatazama saa za presha na kuziba masikio. Nilipopita mjini nilimtembelea, nikamweleza, naye akauliza maswali ya aina ile ile, na Fada akija tulikaa mpaka jua linatua, wao wakirushiana maneno, mimi katikati. Mikono yote miwili ilikuwa imekwisha wakati huo. Alishika kopo kwa kulitazama.

Halafu ikawa ile Ijumaa.

Baada ya maziko nilirudi kazini, upande wa Merti, na swali langu tumboni. Fada aliniuliza mara moja kama nafikiri Galgalo anatusikia huko aliko. Sheria ya marehemu ilinishika shingo, na kwa upande mwingine nilikumbuka ule mkono wa kulia ukisema haipo. Nikamwambia akoroge chai.

Nilipopata likizo nilikwenda Isiolo kumsalimia ndugu yake, Jattani, mzee wa maneno machache anayeuza mbuzi. Nikamwomba anipeleke kaburini. Tulikwenda kwa miguu, asubuhi. Tulipofika mwanzo wa makaburi Jattani akasimama, akainua mkono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeingia dukani, "Assalamu alaikum, watu wa hapa."

Nikamwuliza, "Wanasikia?"

"Hiyo ni kazi yao," akasema Jattani. "Yangu ni kusalimia."

Akanionyesha kaburi, mchanga na mawe machache. Nikavua kofia. Nilisimama nikatafuta cha kusema, nikaona nimwambie ya kazini, kwa kuwa hayo ndiyo aliyoyapenda.

"Fundi, habari. Ni Ekai," nikasema. "Tuko Merti. Jiwe ni lile lile jeusi. Mtambo mpya unakwenda haraka lakini haukuambii kitu. Fada bado anaunguza."

Jattani, aliyesimama nyuma yangu, akaniuliza kama nimemaliza.

"Bado," nikamwambia.

Akaenda akakaa kivulini, nami nikaendelea.